Kifurushi Alichokishikilia Mzee Elinami

Mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu pale hospitalini, ninyi mliobaki kwenye chumba cha kompyuta. Nadhani mlitarajia nieleze nilivyotoka kwenye kuchapa barua nikaishia kuangalia mitambo, na nani alinipandisha cheo lini. Hayo yako kwenye faili langu la utumishi, na faili lenyewe linachosha hata mimi mwenyewe. Nitaandika kuhusu kifurushi kimoja cha programu kilichokaa miaka mingi bila kuguswa kwenye seva ya maabara, na kuhusu mzee aliyekishikilia. Jambo hilo bado linaniuma, na kustaafu hakujasaidia kitu.

Siku ya kwanza niliingia chumba kile nimevaa viatu vya kanisani, vimejaa tope la masika. Mimi ni mtoto wa kambi za miwa huko chini. Baba alitoka Singida akaja kukata miwa, na sikuwahi kuizoea baridi ya mlimani. Ndani nilimkuta mwanaume wa makamo amevaa sweta mbili, ameinamia skrini. Huyo ndiye Elinami. Tulimwita Mzee tangu zamani zile, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, kwa sababu ya jinsi alivyokuwa anakutazama juu ya miwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

Nilikuwa na cheti cha uhazili na cheti cha kompyuta, vyote kwenye bahasha. Nikamwambia najua. Akaniita kwenye skrini, akanionyesha ujumbe wa kosa, akasema, "Soma kwa sauti mpaka mwisho." Nikasoma mstari wa kwanza nikanyamaza. Akaniambia hapo ndipo watu wote wanapokimbilia, na jibu huwa linakaa chini. Kwa miezi mingi sikuruhusiwa kugusa kitu kabla sijausoma ujumbe mzima kwa sauti, kama mtoto wa kipaimara. Wauguzi waliokuwa wanapita walidhani tunasali.

Siku hizo programu zilikuja kwenye sahani za CD. Mtandao ulitoka kwenye dishi juu ya paa, na mawingu yakishuka kutoka mlimani ulikuwa unakatika, nayo mawingu huko hushuka yanapojisikia. Ukitaka kuweka programu moja, yenyewe inakuambia inaitegemea nyingine, ile nyingine inaitegemea ya tatu, na ya tatu iko kwenye sahani aliyoazima mtu wa Moshi mjini. Mzee alinieleza kazi ya chombo kinachosimamia vifurushi, kile cha apt, kwa mfano ambao sijapata mzuri zaidi. Alisema ni mjumbe wa nyumba kumi. Anajua nani anaishi wapi, amekuja na nani, anamtegemea nani, na akihama ni vitu gani vya kubeba. Ukiingiza mgeni kwa mlango wa nyuma bila mjumbe kujua, siku ya matatizo hakuna atakayekusaidia.

Aliyeingiza wageni kwa mlango wa nyuma alikuwa fundi mmoja aliyeletwa kutoka mjini kuweka programu ya duka la dawa. Aliishusha, akaijenga mwenyewe papo hapo, akaimwaga kwenye mfumo, akanywa chai, akaondoka. Programu ilikwenda vizuri hadi tuliposasisha mfumo, ikaanguka, na hatukujua faili zake ziko wapi. Mzee alizifuata moja moja kwa muda mrefu, akinung'unika kwa Kimachame chini kwa chini. Sikielewi Kimachame, lakini siku ile nilielewa.

Niseme pia kwamba kazi hii ni ngumu kuieleza nyumbani. Niliposema nashughulika na vifurushi, ndugu zangu waliniomba niwaunganishie vifurushi vya simu. Niliacha kubishana.

Sasa nije kwenye kifurushi chenyewe. Maabara ilikuwa na mashine ya kupima damu iliyounganishwa na seva kwa waya. Kulikuwa na kifurushi kidogo, hakina sura wala picha, ambacho kazi yake ni kuzisaidia programu nyingine kuongea na vitu vilivyounganishwa kwa waya. Programu nyingi zilikitegemea. Karibu na siku za kustaafu kwake, Mzee alikitolea amri ya kukishikilia. Maana yake ni kwamba hata toleo jipya likija, chombo kinakiacha pale pale kilipo, na kila kinachohitaji toleo jipya la kifurushi hicho nacho kinasubiri. Ni amri ya mstari mmoja. Kuiondoa nako ni mstari mmoja.

Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza. Siku ya kumuaga palikuwa na ndafu, mbuzi mzima wa kubanika, hotuba, na mzee mwenyewe kuvishwa shuka. Akapanda kwake Machame kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na Bwana Temu, mwenzetu wa chumba kile, akachukua nafasi yake.

Tangu hapo, kila tuliposasisha, chombo kilituandikia kwamba kifurushi fulani kimeshikiliwa na vingine kadhaa vimebaki nyuma. Mwanzoni vilikuwa vichache, baadaye orodha ikajaza skrini. Nilisoma ujumbe ule hadi mwisho kila mara kama nilivyofundishwa, lakini ujumbe ulieleza nini kimeshikiliwa, haukueleza sababu. Nilipitia maelezo ya waliotengeneza, nikakuta masahihisho mengi, sikujua lipi kati ya hayo ndilo lililomsumbua Mzee. Nilipomuuliza Temu, alisema, "Kile ni cha Mzee. Mzee hafanyi kitu bure." Alipokuja Glory, binti mdogo mwenye maswali mengi, tulimfundisha hivyo hivyo: hiki ni cha Mzee, usikiguse. Tulilisema kwa uzito wa watu wanaojua wanachosema.

Mtasema, si mngemuuliza? Mzee hakuwa mbali, mjue. Kutoka hospitalini hadi kwake ni mwendo wa kupanda tu kupita migomba ya watu. Jumapili tulikutana naye nje ya kanisa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Inaenda, Mzee."

Alikuwa akishajibiwa hivyo anabaki amesimama kidogo, kofia mkononi, halafu anakwenda. Nilidhani anapumzisha miguu.

Tatizo ni kwamba kumuuliza kungekuwa sawa na kumwambia: Mzee, uliondoka bila kukabidhi vizuri. Nani atamwambia hivyo mtu aliyemfundisha kusoma? Temu alisema mzee akishapumzika anaachwa apumzike, na wote tukaona ni sahihi. Na kweli ilionekana ni adabu. Hata leo nikiitazama naiona adabu, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Tungekuwa tumemsahau kwa ujeuri, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Miaka ikaenda. Toleo letu la mfumo likazeeka hadi watengenezaji wakaacha kulitolea marekebisho ya usalama. Hatukuweza kuhamia toleo jipya kwa sababu kila njia ilipita kwenye kifurushi kile. Wafadhili walileta mashine mpya ya damu, nzuri, ikakaa imefunikwa shuka kwenye kona ya maabara kwa sababu mfumo wetu haukuifahamu. Halafu diski ya seva ikaanza kukwaruza. Fundi yeyote anaijua sauti ile, na anajua inaelekea wapi.

Tulipata seva nyingine, lakini ile mpya haikukubali mfumo wa kale. Ilitaka mfumo mpya, na mfumo mpya ulikuja na toleo jipya la kifurushi, lile ambalo Mzee alilizuia. Hapo daktari wa maabara akaja chumbani kwetu na glavu zake mkononi.

"Veronika, huku kuna watu wanasubiri kuongezewa damu. Nikitoa namba isiyo sahihi ninamuua mtu. Kifurushi kile kinazuia nini?"

"Sijui, daktari."

"Basi nani anajua?"

Sote tukamtazama Temu. "Mzee Elinami," akasema.

"Amefariki?"

"Hapana, daktari."

"Amehama?"

"Hapana. Yuko hapo juu tu."

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Akarudi maabara, na kuanzia hapo majibu yakawa yanaandikwa kwa mkono na kupelekwa wodini kwa miguu huku sisi tukijipanga kwenda kumuona Mzee.

Neno ni kujipanga kweli. Temu alivaa koti. Alinunua sukari na majani ya chai. Tulipofika kwenye uzio wa kihamba cha kwanza, aliomba kwa mwenye nyumba, akakata jani la masale, akalifunga fundo. Mimi si mtu wa huko, nikamuuliza Glory kwa sauti ndogo maana yake.

"Kwetu ukimkosea mtu unampelekea masale, mama. Akishayapokea hawezi kukukatalia msamaha."

"Kwani tumemkosea?"

"Bosi anasema kumuuliza ndiyo tutakuwa tumemkosea. Ametanguliza kabisa."

Mzee tulimkuta uani anakatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa uzi. Tukampa shikamoo, akaitikia akiwa haamini kwamba tumekuja watatu. Temu akamnyooshea masale kwa mikono miwili. Mzee akaweka panga chini taratibu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi mmenikosea nini?"

"Mzee, hatujakukosea. Tumekuja kuuliza, kama hutajali, kuhusu kile kifurushi ulichokishikilia kwenye seva ya maabara."

"Na haya masale?"

"Ni kwa ajili ya swali, Mzee."

"Temu, masale ni ya mtu aliyemuua ng'ombe wa jirani. Swali unakuja nalo mdomoni tu." Lakini aliyapokea, akayaweka kwenye goti lake. Akauliza tena, "Kifurushi kipi?"

Temu akakitaja. Mzee akavua miwani.

"Bado kimeshikiliwa?"

"Bado, Mzee."

"Tangu niondoke?"

"Hatujakigusa hata kidogo," Temu akasema, na alisema kwa fahari, kama mtu anayerudisha mali aliyokabidhiwa. Hapo ndipo nilipojua tumekosea, kwa sababu nilikuwa namtazama Mzee usoni.

"Kile kilikuwa cha wiki moja," Mzee akasema.

Akatueleza. Toleo jipya la wakati ule lilikuwa na kasoro, mashine ikituma namba kwa haraka lilikuwa linapoteza tarakimu zilizo baada ya nukta. Aliwaandikia watengenezaji, wakamjibu kwamba sahihisho linatoka wiki inayofuata. Akakishikilia kifurushi ili kisubiri sahihisho, akastaafu katikati. Sahihisho lilitoka kama walivyoahidi, na matoleo yote ya baadaye yalikuwa mazima. Miaka yote ile tulikuwa tunalinda mlango wa nyumba ambayo haina kitu ndani.

Glory hakuweza kujizuia. "Sasa babu, si ungetupigia tu simu?"

Temu akakohoa. Mzee hakuonekana kuchukia.

"Ningepiga niseme nini, binti yangu? Mngesema huyu mzee hajakubali kustaafu, bado anataka kutuongoza akiwa shambani. Nikasema watakuja wenyewe kuuliza. Ujumbe unawatokea kila siku, watakosaje kuja?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli za mtori. "Wiki ya kwanza alivaa shati la kazini," akasema. "Asubuhi analivaa, anakaa hapo hapo mlipo. Nikimtuma shamba anakataa, eti vijana watakuja."

"Mama, wape watu chakula," Mzee akasema.

Temu akainama. "Mzee, sisi tulikuheshimu."

"Najua," Mzee akasema. "Mngepunguza kidogo."

Tulikula mtori, ile supu nzito ya ndizi. Nimekula mtori mwingi katika miaka yangu ya mlimani na ladha ya huo siikumbuki. Nilikuwa nakumbuka zile Jumapili nje ya kanisa na kofia yake mkononi, na nilijisikia vibaya sana.

Tulipoinuka alisema atakuja mwenyewe kukiachilia. "Ni mstari mmoja. Nitauandika nirudi zangu." Alikuwa amechangamka ghafla, hata mkewe aliona. Temu akamwambia asijisumbue, barabara mbaya, mvua zimeharibu, tutafanya sisi. Nikasema gari la hospitali lipo, tunaweza kumfuata. Temu akanitazama kwa jicho la kuninyamazisha, akarudia kwamba Mzee apumzike. Mzee akatutazama wote wawili, akasema, "Haya."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuaibisha. Tuliweka mfumo mpya kwenye seva mpya, tukapitisha chupa zile zile za damu kwenye njia ya zamani na njia mpya, tukalinganisha, namba zikafanana hadi baada ya nukta. Kwenye ile seva ya zamani Glory akaandika mstari wa kukiachilia kabla hatujaizima, ingawa hapakuwa na haja tena. Alisema si vizuri kuizima ikiwa imeshikilia kitu. Mashine mpya ikafunuliwa shuka. Daktari wa maabara akauliza, "Ni hicho tu?" Tukamjibu ni hicho tu.

Glory alitaka apande siku hiyo hiyo kumpa Mzee habari. Temu akasema hapana, twende wote kwa utaratibu, na zawadi, baada ya sikukuu. Nampenda Temu, alikuwa mtu mwema na bado ni mwema, ila utaratibu wake ulitugharimu. Kabla ya sikukuu Mzee aliletwa hospitalini kwetu amebebwa. Damu yake ilipimwa kwenye ile mashine mpya, na majibu yake yakapita kwenye kifurushi kile kile. Niliyaona kwenye skrini nikiwa nakagua mfumo, kabla sijasoma jina.

Nilipanda wodini kumwambia. Alikuwa amelala, mkewe kakaa pembeni ameshika kanga yake. Akaniambia, "Muache apumzike, mama, amekesha na maumivu." Nikasema sawa, nitarudi kesho. Kesho yake nilikuta kitanda kimetandikwa. Ningemwamsha. Hadi leo nikipanga vitunguu, nikifua, nikiwa kanisani, huwa najiambia ningemwamsha tu, angenifokea, angeniuliza kama nimesoma mpaka mwisho, na angejua kwamba kifurushi kimeachiliwa. Tulimzika kwenye kihamba chake. Msemaji wa hospitali alisema marehemu hakuwahi kumsumbua mtu, na watu wakaitikia.

Mimi nimestaafu juzi juzi tu. Nimeshuka Kahe, nina kipande cha shamba la vitunguu karibu na mfereji, na joto lake nalipenda. Wiki iliyopita Glory alinipigia. Siku hizi ndiye anayeongoza chumba kile, na sauti yake imekuwa nzito kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akauliza goti linaendeleaje. Akauliza vitunguu, akauliza kama zamu ya maji inanifikia au majirani wanaifunga juu. Nikamjibu vyote. Nyuma yake nilisikia feni za seva na kijana mmoja anasema kitu, halafu Glory akafunika simu kwa mkono.

"Mama," akasema aliporudi, "nilikuwa nataka..."

"Nini, mwanangu?"

"Aa, basi mama, si kitu. Wewe pumzika."

Mimi, niliyeyaona yote hayo kwa macho yangu, nikamwambia, "Haya, asante mwanangu, kazi njema." Simu ikakatika. Nimetaka kumpigia tangu siku ile, nikaona atafikiri simwamini. Nilikaa kwenye tuta mpaka maji ya zamu yangu yakapita yakaenda kwa jirani, nikipitia kichwani kila nilichokiacha kwenye zile seva, nikijaribu kukisia ni kifurushi gani.